Simu ikigoma kuingiza chaji, usianze kumtafuta mchawi

Simu inapogoma kuingiza chaji, katika nyumba nyingi swali la kwanza huwa ni nani ameichezea. Mtoto wa miaka minne hutazamwa kwa jicho kali, dada wa kazi huitwa jikoni ajieleze, na baba hukumbusha bei aliyonunulia. Dakika 20 zinapita na hakuna aliyeangalia waya.

Ndivyo ilivyokuwa kwa familia moja ya Mbagala, Dar es Salaam. Mama alikuwa na ujauzito wa wiki 36. Mumewe ni mlinzi wa usiku, na alikuwa anajiandaa kwenda lindo.

“Baba watoto, simu haiingizi chaji.”

“Hao wanao wameshaiharibu. Kesho nitaipeleka kwa fundi.”

Kesho kwa mlinzi ni asubuhi tu. Kwa mjamzito anayebaki na watoto wawili, ni usiku mzima bila njia ya kuita msaada. Damu ikianza kutoka, kichwa kikiuma sana huku macho yakiona ukungu, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, si hali ya kusubiri kupambazuke. Tanzania ina namba 115, inayopigwa bure, ambayo kupitia mfumo wa m-mama humtafutia usafiri mjamzito au mtoto mchanga mwenye dharura. Namba hiyo haina faida kwenye simu iliyozima.

Aliyeokoa jahazi ni bibi wa chumba cha pili. Hakuuliza nani mkosaji. Alileta waya wake. Simu ikakaa kimya. Akachomeka chaja ya kwao kwenye soketi ya kwao. Kimya. Basi tatizo halikuwa umeme, waya wala chaja. “Mwanangu, hebu mulika hapo kwenye tundu,” akasema. Ndani kulikuwa na vumbi na nyuzi za nguo zilizogandamana, kwa sababu mama hufunga simu kwenye pindo la kanga. Walihakikisha simu imezima, wakazitoa taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Waya ukaingia hadi mwisho. Simu haikuonyesha kitu mara moja, nusura wakate tamaa, kisha alama ya betri ikatokea.

Mpangilio wa bibi ni mzuri kwa nyumba yoyote: soketi, waya, chaja, halafu tundu. Waya mara nyingi hukatikia ndani, karibu na kichwa chake, pale unapokunjwa kila siku. Tundu lisichokonolewe kwa sindano wala pini, kwa kuwa chuma kinaweza kuharibu vijino vya ndani au kusababisha shoti. Kupuliza kwa mdomo huongeza unyevu.

Simu iliyoingia maji ichomolewe kwenye umeme, igongwe kidogo tundu likitazama chini, iachwe mahali penye hewa. Kuifukia kwenye mchele huacha vumbi na chenga ndani ya tundu, na kuiweka karibu na jiko ni hatari. Iliyoachwa juani dirishani inaweza kukataa chaji mpaka ipoe. Ipoe yenyewe, bila friji. Iliyoisha chaji kabisa ipewe nusu saa kabla ya kuhukumiwa.

Mahali pa kuacha kujaribu ni betri inapovimba, mfuniko ukainuka au simu ikawa ya moto isivyo kawaida. Isichajiwe, isitobolewe, isitupwe motoni. Hiyo ni kazi ya fundi.

Watoto nao wana hatari yao. Mtoto anayetambaa hupeleka kila kitu mdomoni, na waya ulioachwa kwenye soketi iliyowashwa unaweza kumpiga shoti au kumuunguza mdomo. Simu isichajiwe kitandani wala chini ya mto, ambako joto halina pa kutokea.

Usiku ule baba alipopiga kutoka lindoni, simu iliita. Lakini kulikuwa na jambo jingine walilogundua: laini ingeweza kuhamishiwa kwenye simu ya bibi, ila majina yote yalikuwa yamehifadhiwa kwenye simu yenyewe, na mama hakuwa na namba hata moja kichwani, ya mumewe ikiwamo. Siku iliyofuata aliandika namba nne kwenye karatasi na kuiweka ndani ya kadi ya kliniki: ya mumewe, ya dada yake, ya bajaji wa mtaani na 115.

Karatasi hiyo haihitaji chaji. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuisoma, na jirani yeyote mwenye simu anaweza kuitumia.