Tunda Tusilolijua

Tulipohamia Lushoto, tulikuta nyuma ya nyumba mmea unaotambaa, umeupanda ua wa miti hadi upande wa jirani. Vishada vyake vilining'inia virefu, vyenye matunda madogo ya kijani yaliyokuwa yakigeuka rangi ya chungwa na wekundu. Tulisema, kama wenyeji, kwamba ni matunda pori tu, hayana neno.

Jioni moja tulimkuta mtoto wetu wa mwisho, mwenye miaka minne, ameketi chini ya ua ule, vidole na midomo vimelowa maji ya matunda. Tulimuuliza kama amemeza. Akacheka tu.

Mtu wa karibu ambaye angeujua mmea ule alikuwa Bibi, jirani yetu. Nasi tulikuwa hatujasemezana naye kwa miezi mitatu, kwa ajili ya mpaka wa ua huo huo. Kila Jumapili tulisali kanisa moja, tukashiriki meza moja ya Bwana, kisha tukatoka kwa milango tofauti.

Tulisimama mlangoni pake, tawi mkononi. "Shikamoo, Bibi."

Alitutazama, akalitazama tawi. "Marahaba, wanangu. Nani amekula?"

Hakungoja maelezo. Alilitaja jina lake kwa Kisambaa, akasema ni sumu. "Mpelekeni hospitali sasa hivi, na tawi mchukue, daktari alione." Akajifunga kanga, akatutangulia njiani.

Mtoto alitapika usiku ule. Asubuhi akaomba uji. Tulilia kwa shukrani.

Baadaye bwana shamba alitupa jina la kitaalamu: Phytolacca dodecandra. Ethiopia huitwa endod, na matunda yake makavu hutwangwa kuwa sabuni ya kufulia. Huko, mwaka 1964, mtafiti Aklilu Lemma aliona konokono wamekufa mtoni mahali watu walipokuwa wakifua kwa matunda hayo, konokono wa aina inayoeneza kichocho. Mmea uliotaka kutupokonya mtoto ulikuwa na kazi njema kwa anayeujua. Sisi hatukuujua, wala hatukuuliza.

Mara nyingi tumesoma habari za Elisha kule Gilgali, katika Wafalme wa Pili sura ya 4. Mtu mmoja alichuma matango mwitu asiyoyajua, akayakatia chunguni. Tulizoea kuushangaa unga ulioponya chakula kile. Sasa tunawatazama zaidi wale walioonja, wakapiga kelele wakimwita mtu wa Mungu. Hakuna aliyeona haya kumwita. Sisi tulikuwa tumeufunga wenyewe mlango wa mtu wa kutuokoa.

Jumamosi iliyofuata tuling'oa ule mmea pamoja na Bibi, na ua mpya tukaupanda pale alipoonyesha yeye.

Mpendwa msomaji, kuna mlango gani leo ambao ungeona haya kupiga hodi? Nenda kabla hujawa na shida mkononi. Bwana atusaidie sote.