Machela ya Kibosho

Kaka mpendwa,

Jana jioni helikopta ya wagonjwa ilipita juu ya bonde letu la Hallingdal, huku Norwei. Kituo chake kiko hapahapa Ål, ila ukungu ukishuka hairuki, na hospitali kubwa iko zaidi ya saa mbili kwa gari. Kwa hiyo watu wa huku hawakai wakisubiri msaada wa angani. Ukipiga 113, wanaweza kuitwa pia zimamoto wa kijijini, na wengi wao wana kazi zao nyingine: seremala, mwalimu, mfugaji. Jirani yangu ni mmoja wao. Huacha ng'ombe zizini akakimbia na mkoba wa huduma ya kwanza. Kila nikimwona namkumbuka Baba Mdogo.

Unaikumbuka Aprili ile, huko Kibosho? Masika, njia utelezi mtupu. Alianguka kutoka kwenye mgrevilea akikata matawi, paja likavunjika. Vijana walifika haraka, tena wengi. Kwetu watu hawajawahi kukosekana. Mmoja akamshika kwapani, mwingine miguuni, wakampakia mshikaki kwenye bodaboda, mguu unaning'inia, hadi barabarani. Hapo wakasubiri gari saa tatu. Na usiku, ukisimama kihambani, taa za Moshi unaziona! Hospitali ya KCMC iko palepale chini tangu 1971. Alipona, lakini anachechemea mpaka leo, na siamini kwamba ni ule mti peke yake uliomlemaza.

Kinachoniuma ni hiki. Mtu akifariki, kikundi chetu cha kufa na kuzikana kina daftari, mweka hazina, turubai, viti na masufuria. Kila mmoja anaijua zamu yake. Kwa mgonjwa hatuna hata karatasi moja. Desemba magari ya waliorudi nyumbani hayapishani njiani. Aprili tunaulizana nani ana gari.

Wazo la madaktari wa ndege lilizaliwa kwenye miteremko ya mlima wetu. Madaktari wa upasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walilipanga huko, na mwaka 1957 shirika la AMREF likaanza. Lakini ndege haitui mgombani. Shemeji, kwa kuwa ni mjamzito, ana m-mama: 115, simu ya bure, na gari la wagonjwa lisipopatikana huitwa dereva wa jirani aliyekwisha kuandikishwa, akalipwa kwa safari hiyo. Iandikeni ukutani leo. Kwa nini kikundi kisifanye vivyo hivyo kwa anayeanguka mtini?

Naomba ulipeleke jambo hili kwenye mkutano wa kikundi wa Krismasi, wakati wote wapo. Madereva watatu waandikwe daftarini, mafuta yatoke kwenye mfuko bila mgonjwa kuulizwa hela. Yule muuguzi mstaafu wa jumuiya awafundishe vijana kuzuia damu, na kufunga mguu kwa vibao kabla ya kumwinua mtu. Machela ikae kwa jirani wa barabarani, si stoo ya kanisa yenye kufuli. Pesa ya turubai, miti na mafuta ya miezi ya mwanzo nimemtumia Mama.

Fundi akiimaliza machela, ipitisheni kwanza kwenye ule upenyo kati ya masale na mfereji, mtu mzima akiwa amelala juu yake. Isipopita pale, haitafika kwa Baba Mdogo.

Mdogo wako