Bwana Alibakia

Wiki ya mwisho ya Februari 2025 niliifanyia kazi katika huduma moja ya Kikristo mtaani Bwiza, hapa Bujumbura. Katikati ya mwezi huo Bukavu ilikuwa imeingia mikononi mwa M23, na Wakongomani kwa maelfu walikuwa wakivuka mto Rusizi kuingia Cibitoke. Wengi walikusanywa katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Huduma hiyo ilitafuta vijana wa kujitolea, hasa wanaojua Kiswahili. Mimi nakisomea, basi nikaitwa.

Jambo hilo lilinichekesha kidogo. Kwetu, kumwita mtu Mswahili ni kusema kwamba ni Mwislamu wa Buyenzi, au kwamba ni mjanja wa kuchungwa. Shangazi yangu bado ananiuliza nitakula nini na lugha hiyo. Wiki ile, pasta mwenyewe alinivutia kiti.

Jumatatu na Jumanne tulifunga mizigo: maharage, unga wa mahindi, chumvi, sabuni. Tulipima kwa kopo moja ili mtu asipunjwe. Jumatano hakikusogea kitu kwa sababu ya petroli. Anayeishi Bujumbura hahitaji kuelezwa. Dereva alilala kwenye foleni ndani ya gari, tukampelekea chakula hukohuko. Mama msimamizi wa ghala hakuturuhusu kukaa bure. Alitufungulisha mifuko yote tukahesabu upya, na kweli, sabuni zilipungua katika mifuko kumi na mmoja.

Alhamisi tulifika Rugombo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na watu walikuwa wamelala nje. Kazi yangu ilikuwa kuuliza kwa Kiswahili, kisha kumwambia mwenzangu kwa Kirundi, naye ajaze fomu ya Kifaransa. Lugha tatu kwa blanketi moja! Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipofika mama mmoja aliyetokea upande wa Kamanyola.

"Tulivuka na batoto bane," alisema. "Bwana alibakia."

Fomu ilikuwa na visanduku viwili, ameolewa na mjane, na wajane walitangulia kupewa. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, "Mama, alibakia mzima?" Alinitazama, akamfunga vizuri mtoto mgongoni. "Alibakia," akasema tena.

Mwenzangu alinihimiza nichague kimoja, kwa kuwa nyuma yake palikuwa na mstari mrefu. Alikuwa na haki ya kuharakisha. Jua lilikuwa limepanda na watoto walikuwa wakilia. Tena, tukimwandika mjane angepata blanketi mara moja, ungesema huo ni wema. Lakini mimi ningekuwa nimemzika mume wa mtu kwa kalamu. Na kumwandika ameolewa kungekuwa kumwahidi kitu ambacho hata yeye hakuthubutu kukisema. Darasani tumejadili sana tafsiri na uaminifu kwa matini, ila matini zetu hazikuwahi kusimama mbele yetu zimelowa miguu.

Nilimwambia mwenzangu neno lilelile kwa Kirundi: *yarasigaye*. Kwa bahati, Kirundi nacho kinaliacha wazi vilevile. Kifaransa cha fomu ndicho kilichotaka kujua zaidi. Akaacha visanduku vitupu, akaguna, akamwelekeza mama yule pembeni asubiri.

Nilimwendea Mama wa ghala nikamweleza. Hakuniuliza habari za mume. Aliuliza, "Watoto wangapi?" Nikasema wanne. Akatoa mablanketi mawili, na tangu saa ile akaamuru tugawe kwa idadi ya watoto, mjane au si mjane. Mwenzangu alifurahi kuliko wote, kwa maana mstari ulianza kwenda mbio.

Ijumaa tulirudi ofisini kuingiza orodha kwenye kompyuta. Programu ilikataa mstari wa mama yule: palikuwa na nafasi tupu, na haiendelei mpaka ijazwe. Tulijaribu mara tatu. Mwenzangu akaniuliza kama sasa naweza kuchagua, maana hapa hakuna anayesubiri juani.

Mama alikuja kuona kinachotuchelewesha. Alisoma, akanyamaza kidogo, kisha akasema tuuache mstari huo nje, tuchapishe orodha iliyobaki. Karatasi ilipotoka aliiweka mezani, akaomba kalamu, akamwandika yule mama chini kabisa kwa mkono, na mbele ya jina lake: *yarasigaye*.