Masi si Ardhi

Katika orodha ya istilahi za ufundi tuliyopewa muhula uliopita kuna neno "ardhi", linaloelezwa kuwa ni upande wa saketi ambako umeme hurudi. Wiki chache baadaye nilikuwa kwetu Salamabila, nimechuchumaa kando ya pikipiki ya baba mdogo, na ndipo neno hilo lilipoanza kunisumbua.

Pikipiki yenyewe ni Yamaha AG100 ya zamani. Herufi AG zinatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kilimo, na kweli imeundwa kwa shamba: vyuma vya kubebea mzigo mbele na nyuma, mnyororo uliofunikwa wote usiingie matope, mguu wa kuisimamisha kila upande. Kwetu, ambako trekta ni kitu cha kwenye picha, hiyo ndiyo trekta. Inabeba mpunga kutoka shambani hadi kinuni, na mchele kutoka kinuni hadi sokoni. Safari hii ilikuwa ibebe pia pesa zangu za kujiandikisha chuoni, kwa sababu zilikuwa bado ndani ya magunia, zikingoja kupelekwa Kasongo.

Ikaanza kuzima njiani. Inawaka vizuri asubuhi, inakwenda kilomita moja, inanyamaza ghafla. Unaisukuma kidogo, inawaka tena. Fundi wa kwanza aliitazama buji (wenzangu wa pwani husema plagi), akaona haitoi cheche, akatangaza kwamba sedei imekufa. Sedei ni kile kisanduku cheusi kinachohifadhi umeme na kuurusha kwenye bobini kwa wakati wake. Tunazitamka herufi zake kwa Kifaransa. Hakifunguliwi wala hakitengenezwi, kinanunuliwa, na cha kununua kingetoka Bukavu au Uvira. Baba mdogo alikwisha anza kuhesabu ni magunia mangapi yauzwe palepale kwa bei ya kutupa.

Nyanya ndiye aliyesema tumwite mzee mmoja anayetengeneza mashine za wachimba dhahabu. Mzee huyo hajui kusoma. Alipofika hakuigusa sedei. Alivuta kigoda, akaanza kuuliza.

"Inazimaka wapi? Mu njia ya kunyooka, ao ku kona?"

Baba mdogo akafikiri. "Ku kona, mzee."

"Kona ya mukono gani?"

"Ya kushoto."

Akafungua buji, akaivika kofia yake, akailaza juu ya injini ili chuma kiguse chuma, akaniambia nipige kiki. Cheche ikaruka. Akageuza usukani kushoto. "Piga, mwanangu." Hakuna kitu. Akaurudisha kulia. Cheche. Nilijizuia kucheka, kwa sababu nilikuwa natazama jozi pambanuzi: kila kitu kimebaki kilivyokuwa, tofauti ni moja, na tofauti hiyo inabadili matokeo. Sisi tulifundishwa kwa "pata" na "bata". Yeye alitumia usukani.

Kisha akatafuta waya mweusi wenye mstari mweupe, unaotoka kwenye sedei kwenda kwenye kontakti, pale pa ufunguo. Akauchomoa, usukani ukiwa bado kushoto. Nikapiga kiki. Cheche.

"Sedei iko muzima," akasema. "Ni mu njia wanaifunga kinywa."

Hapa inafaa nieleze, maana mwenyewe ilinichukua muda. Umeme wa kuwashia pikipiki ya namna hii hautoki kwenye betri. Unazalishwa na sumaku zinazozunguka na injini, kwa hiyo injini ikizunguka, umeme upo. Ili kuizima, ufunguo haukati kitu. Unaunganisha waya ule na fremu, na umeme unakimbilia kwenye fremu badala ya kwenda kwenye buji. Basi waya huo ukichubuka mahali ukagusa fremu, pikipiki inazima bila mtu kuizima, na mwenye haraka atailaumu sedei.

"Iko inagusa masi," mzee akasema.

Nikamwambia kwamba sisi chuoni tunaiita ardhi. Aliitazama pikipiki, kisha akatazama chini yake.

"Ardhi? Hii kitu inagusa udongo na mipira tu. Moto itapitia wapi?"

Sikuwa na jibu, na orodha yetu hainalo. Kwenye umeme wa nyumba, ardhi ni ardhi kweli: kuna fimbo ya chuma iliyochimbiwa udongoni. Kwenye chombo cha magurudumu, njia ya kurudi ni fremu na mwili wa injini, na udongo hauhusiki. Kiingereza cha Uingereza hutumia neno moja kwa yote mawili, mafundi wa Tanzania wakalichukua kuwa "ethi", nasi tukalitafsiri. Kifaransa kina maneno mawili, na Kingwana kiliazima lile linalofaa. Sisemi Kingwana kina akili zaidi, kilibahatika jirani. Lakini ninaposema "inazimaka" darasani watu hutabasamu, kana kwamba ni Kiswahili kilichovunjika njiani kutoka pwani. Misafara ya kina Tippu Tip, aliyeweka makao Kasongo miaka ya 1870, ilileta lugha pamoja na mpunga. Sijamsikia mtu akisema mpunga wetu umevunjika.

Tulipoinua tangi, tulikuta waya umesuguliwa kwenye shingo ya fremu, hasa pale unapovutwa usukani ukienda kushoto. Shaba ilikuwa inang'aa. Mzee akaufunga kwa utepe, akauzungushia kipande cha mpira wa ndani wa tairi, kisha akaulegeza kidogo usivutike tena. Akaurudisha kwenye sedei, akawasha, akageuza usukani kushoto na kulia mara kadhaa. Injini haikutetereka. Mwishowe akazima kwa ufunguo.

Baba mdogo akauliza kwa nini anaizima sasa ilhali imepona.

"Naangalia kama ingali inajua kunyamaza."

Alipokea kilo tatu za mchele, na gunia la kwanza likafungwa jioni ileile.