Samaki wa Mzee

Mzee wangu alikuwa na jiwe juu ya kabati la vyombo, nyumbani Tunduma. Jekundu, ukubwa wa kiganja, lenye michirizi kama miba ya samaki. Madereva wa malori waliokwama mpakani wakisubiri kuvuka Nakonde walikuwa wanakuja kunywa chai, na kuliona ilikuwa lazima. “Hapa palikuwa bahari,” atasema. Mwalimu mstaafu wa jiografia, nani ambishie?

Nilimbishia mimi. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nimerudi likizo na mdomo mrefu. Mbele ya wageni nikamwambia bahari hiyo ya kina kifupi ilikuwa Tendaguru, Lindi, enzi za Jura. Ndiko Wajerumani walikochimba kuanzia 1909 hadi 1913, wakasomba mifupa ya dinosaria kwenda Berlin, na ndiko alikotoka samaki wa magamba mazito anayeitwa Lepidotes tendaguruensis. Huku kwetu, nikasema, mwamba mwekundu ni mchanga wa mito tu.

Mzee alicheka kidogo, akaenda kulala mapema. Sikumwona tena akimwonyesha mtu lile jiwe.

Nilikuwa sahihi, ndiyo, ila nilikuwa nimesoma nusu. Kule Mahenge, Singida, wametoka samaki wa mawe wa miaka kama milioni 46, ndugu wa perege wetu, na hao waliishi ziwani. Mzee alikosea maji, basi.

Halafu 2019 akatangazwa mnyama wa Mto Mtuka, hapa hapa Songwe: Mnyamawamtuka moyowamkia. Lisome taratibu. Kiswahili kitupu ndani ya jina la kisayansi, kisa pingili moja ya mkia wake ina umbo la moyo! Miaka miwili kabla alikuwa Shingopana songwensis. Sisi tunaolalamika kila siku kwamba lugha yetu haibebi sayansi, tuseme nini?

Nikapiga simu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Hujambo?”

Nikamsomea majina. Kwenye moyo wa mkia alicheka hadi akakohoa, akataka nirudie. Kisha akanyamaza.

“Kwa hiyo hapa lilikuwa ziwa?”

“Labda mto, mzee.”

“Mto nao una samaki, mwanangu.”

Nikaomba radhi kwa ya siku ile. Akasema yalishapita. Nikauliza kuhusu jiwe. Alishampa dereva mmoja Mkongo, zamani, wiki ile ile niliporudi chuo. Lilikuwa linajaza vumbi tu pale kabatini, alisema.