Aliyeshika Nguo
Likizo ya Desemba niliwachukua wanangu watatu kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam, safari ya basi inayozidi kilomita 1,000, nikawatimizia ahadi ya Wet 'n' Wild, bustani ya michezo ya maji iliyoko Kunduchi, kando ya Bahari ya Hindi. Mama yao alibaki na mtoto mchanga. Sisi wa Ufipa twaishi juu penye baridi. Maji yetu makubwa ni Ziwa Tanganyika, nalo liko chini kabisa, Kasanga.

Wavulana walipanda mitelezo, wakashuka wakipiga mayowe. Binti yangu wa miaka kumi nilimketisha kivulini ashike nguo za nduguze. Akashika. Saa nzima hakusema neno, naye si mtoto wa kunyamaza.

Chuoni nilisomeshwa hukumu za sitara, na sipunguzi hata moja. Lakini siku ile sikuitafuta hukumu wala njia. Nilichagua lililo jepesi kwangu, kukataza.

Usiku mama yake akaniuliza kwa simu: zile nguo za kuogea alizomshonea binti, suruali pana na shati refu, zimemtosha? Zilikuwa chini ya begi. Sikuwa nimelifungua.

Basi letu lilikuwa la alfajiri. Njiani nikamwomba radhi, nikamwahidi Kasanga.

"Baba, na nguo zangu atashika nani?"

"Mimi," nikamjibu.