Mshindi Aliyekiri Kushindwa

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Methali hii nimeifafanua katika mitihani tangu shule ya msingi, nikituzwa alama nzuri, ilhali maana yake ilikuwa haijanigusa. Aliyenifikishia maana hiyo moyoni hakuwa mhenga wala mhadhiri, bali roboti wa kuchorwa aitwaye Optimus Prime. Najua kwamba baadhi ya wasomaji wa jarida hili watashangaa mwanafunzi wa fasihi kuyasema haya. Nawaomba wanivumilie.

Nilikuwa darasa la tano wakati kaka yangu aliponunua kitabu cha katuni kutoka kwa mchuuzi wa vitabu vikuukuu, aliyekuwa ametandaza bidhaa zake kando ya barabara. Kilikuwa toleo la 24 la The Transformers, lililobeba tarehe ya Januari 1987. Jalada lilikuwa limepauka na kurasa za mwisho zilikuwa zimenyofoka. Jioni ile kaka alinisomea kwa Kiswahili, akitafsiri papo kwa hapo kwa mwanga wa koroboi. Alipofika pale kurasa zilipokatikia, hakusita. Alisema kwamba Prime alimshinda adui yake, akasimama juu ya kilima, akainua ngumi juu. Nililala nikiwa na furaha. Kwa miaka mingi niliamini kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa hatima ya kisa kile.

Kwa asiyeyajua masimulizi haya, asili yake ni biashara. Vitu vya kuchezea vya kampuni ya Takara ya Japani viliuzwa Marekani na kampuni ya Hasbro, nayo Marvel ikapewa jukumu la kuvitungia hadithi. Mfululizo huo ulianza mwaka wa 1984 ukikusudiwa kuwa na matoleo manne tu. Ulipokoma mwaka wa 1991, ulikuwa umefikia matoleo 80. Kisa chenyewe kinahusu makundi mawili ya roboti kutoka sayari ya Cybertron: Autobots wakiongozwa na Optimus Prime, na Decepticons wakiongozwa na Megatron. Chombo chao kilianguka duniani miaka milioni nne iliyopita, katika mlima mmoja wa Oregon nchini Marekani, nao wakalala humo hadi mlipuko wa volkano ulipowazindua mwaka wa 1984. Waliozinduka walikuwa wamepewa maumbo ya magari, ndege na mashine nyinginezo.

Kinachonivutia katika matoleo ya mwanzo si mapigano, bali nyasi. Autobots walipofika mara ya kwanza mahali palipojaa magari, waliyasemesha magari hayo wakidhani kwamba hayo ndiyo wenyeji wa dunia. Binadamu waliokuwa ndani yake hawakuwatambua kuwa viumbe wenye akili. Ni jambo la kuchekesha, lakini ndani yake mna ukweli mchungu: wanaopigana huona wanaofanana nao tu. Kisha anaingia Sparkplug Witwicky, fundi wa magari mwenye gereji yake, ambaye hana ugomvi na yeyote. Decepticons wanamteka na kumlazimisha awatengenezee mafuta. Mnyonge huyo anawatilia sumu katika mafuta hayo, kisha moyo wake unashindwa kabla hajapata fursa ya kueleza alichokitenda.

Nilipojiunga na masomo ya uzamili, nilipata mkusanyiko wa matoleo hayo ya zamani, nami nikakimbilia lile la 24. Mtunzi wake ni Bob Budiansky. Katika kisa hicho, makundi yale mawili yanagongana katika kituo cha utafiti wa nishati. Ili kukinusuru kituo, kijana mmoja aitwaye Ethan Zachary anapendekeza kwamba viongozi washindane ndani ya mchezo wa kompyuta, naye atakayeshindwa aangamizwe. Humo ndani mna viumbe wa kila namna, wenyeji wa ulimwengu ule wa kubuni. Prime anamshinda Megatron. Lakini katika kumshinda, baadhi ya viumbe wasio na hatia wanaangamia.

Hapo ndipo kurasa zetu zilipokuwa zimekatikia. Katika kurasa nilizozisoma kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, Prime hainui ngumi. Anasema kwamba ameupata ushindi kwa kuwatoa mhanga wasio na hatia, na kwa hivyo yeye ndiye aliyeshindwa. Anadai masharti ya shindano yatekelezwe juu yake. Kijana yule anabonyeza kitufe, na kiongozi wa Autobots analipuka vipande vipande.

Nilikisoma kisa hicho mara tatu. Tumezoea mashujaa wanaoangushwa na usaliti: Fumo Liyongo aliuawa kwa sindano ya shaba mkononi mwa mwanawe mwenyewe. Prime hakusalitiwa na mtu. Alijihukumu kwa kinywa chake. Tena waliokufa walikuwa viumbe wa mchezo tu, ambao mtu angeweza kusema hawakuwahi kuishi. Mhakiki anaweza kudai kwamba tukio hilo limetiwa chumvi, au kwamba lilisukumwa na haja ya kuuza vitu vipya vya kuchezea. Huenda ni kweli. Hata hivyo, siku ile sikusoma kama mhakiki.

Sikuweza, kwa sababu wakati huo mimi na kaka tulikuwa hatusemezani. Baba alipofariki, tuligombania ekari mbili alizotuachia. Wazee waliketi, wakatusikiliza, wakanipa haki mimi. Nilijenga ua wa seng'enge juu ya mpaka wangu wiki iyo hiyo. Ua huo ulipita katikati ya bustani ya mama. Sukuma wiki zake zikabaki upande mmoja, mlango wa jikoni yake upande wa pili. Tangu siku hiyo, mama alilazimika kuzunguka hadi barabarani ili afikie mboga alizozipanda kwa mikono yake. Hakulalamika. Aliniambia tu kwamba, "Kutembea ni dawa, mwanangu." Nami, msomi wa methali, niliyapokea maneno hayo kama yalivyo.

Likizo ya Agosti iliyofuata nilikwenda nyumbani na mkusanyiko ule mkobani. Nilimkuta kaka kwenye gereji yake, amelala chini ya lori. Alitoka taratibu, akajifuta mikono kwa kitambaa, akanitazama bila kunisalimu. Nilimfungulia kurasa zile za mwisho nikampa. Alisoma akiwa amesimama, midomo yake ikicheza kama siku zile alipokuwa akinitafsiria.

"Kwa hivyo hakuinua ngumi?" aliuliza.

"Hakuinua, kaka. Alisema ameshindwa."

"Lakini alikuwa ameshinda."

"Alikuwa ameshinda. Hata mimi nilishinda."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Nilitaka kumweleza habari za bustani ya mama, lakini nilitambua kwamba aliijua kuliko mimi, maana yeye ndiye aliyekuwa akimwona akizunguka kila jioni. Hatimaye aliufunga mkusanyiko, akauweka juu ya kiti cha lori mahali pasipo na grisi, akaingiza mkono katika kisanduku cha vifaa na kutoa koleo mbili. Moja akanipa mimi.

Tulifika kwa mama jua likielekea kuchwa. Seng'enge ngumu haikatiki upesi, nasi tulikuwa tumeifunga vizuri, mimi na ushindi wangu. Mama alisimama mlangoni pa jikoni akitutazama bila neno. Pengo lilipotosha mtu kupita, alichukua ungo wake, akapita katikati yetu, akaenda kuchuma mboga.